Injini Mbili za 1NZ, Nguvu Mbili Tofauti: Uchambuzi wa Kisa cha Fielder Iliyoshindwa Mlima

## Usuli

Kisa hiki kinahusu magari mawili ya Toyota Corolla Fielder ya mfanyabiashara mmoja wa Tanzania, ambaye huyatumia kubeba bidhaa za dukani kati ya Dar es Salaam na Nyanda za Juu Kusini. Jina lake, jina la gereji iliyoshughulikia tatizo, duka lililouza injini na namba za magari vimeondolewa. Magari yote mawili yalitoka kiwandani na injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, gia boksi ya aina moja na matairi ya kipimo kimoja. Kwa muda mrefu yalikwenda sawasawa kiasi kwamba madereva walibadilishana magari bila kulalamika.

Gari la pili liliishiwa oili safarini, beringi za kranki zikasagika na injini ikaanza kugonga. Mmiliki alishauriwa asiifungue injini hiyo, bali anunue nusu injini ya mtumba kutoka Japani, yaani bloku na silinda hedi vikiwa vimefungwa pamoja bila vifaa vya pembeni. Ushauri huo ni wa kawaida na mara nyingi una mantiki, kwa sababu kuchonga kranki na kununua beringi, ringi na gasketi zote kunaweza kuzidi bei ya injini iliyotumika kidogo. Fundi alihamisha kutoka injini ya zamani manifoldi ya hewa, throto, injekta, stata, alteneta na kompresa ya AC, akafunga. Namba iliyogongwa kwenye bloku ilianza na 1NZ kama ile ya zamani, na muuzaji alipoulizwa kama ndiyo yenyewe alijibu kwa uhakika: "1NZ ni 1NZ, mzee." Injini iliwaka mara ya kwanza, ikatulia bila kutetemeka, haikutoa moshi wala kelele.

## Mfululizo wa matukio

Mjini hakuna aliyeona kasoro. Tatizo lilijitokeza katika safari ya kwanza yenye mzigo, kwenye mlima wa Kitonga, ambapo dereva alikanyaga mafuta hadi mwisho na gari likazidi kupungua mwendo hadi likajikuta nyuma ya malori. Gari la kwanza, lililokuwa na mzigo unaokaribiana, lilikuwa limepita hapo siku hiyo hiyo bila shida. Dereva aliripoti jambo jingine ambalo wakati huo halikutiliwa maanani: kwenye tambarare gari halikuwa likinywa mafuta kuliko zamani, na huenda lilikuwa likinywa kidogo zaidi.

Gereji iliyofunga injini ilianza na yale ambayo kila fundi angeanza nayo. Chujio la hewa lilibadilishwa, plagi zikabadilishwa, throto ikasafishwa, presha ya pampu ya petroli ikapimwa na kukutwa sawa. Gari lilipounganishwa kwenye mashine halikuonyesha msimbo wowote wa hitilafu. Kisha katalisti, ambayo mafundi wengi huiita masega, ilishukiwa kuziba, ikafunguliwa na kukutwa iko wazi. Gia boksi nayo ilishukiwa kuteleza, ingawa mizunguko ya injini na mwendo wa gari vilikuwa vikipanda pamoja kama inavyotakiwa.

Baada ya hapo ilipimwa kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na hapo ndipo kila mtu alipodhani jibu limepatikana. Silinda zote nne zilisoma kati ya psi 100 na 110. Kwa 1NZ-FE iliyo nzima, kipimo cha kiwandani ni karibu psi 213, na ikishuka chini ya 156 injini huhesabiwa kuwa imechoka. Fundi alimweleza mmiliki kwamba ameuziwa injini iliyokufa ringi, na akapendekeza ifunguliwe mara moja.

Mmiliki alisita, akapeleka gari kwa fundi wa pili, ambaye ndiye aliyebadili mwelekeo wa uchunguzi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa rahisi: injini yenye ringi zilizokwisha huwaka kwa taabu, hutoa moshi wa bluu, hula oili, na mara chache sana silinda zake nne huchoka kwa kipimo kimoja. Injini hii haikuwa na hata dalili moja kati ya hizo. Alimimina oili kidogo ndani ya kila silinda na kupima tena. Ringi zikiwa zimechoka, oili huziba mianya na kipimo hupanda sana. Hapa kilipanda kidogo tu. Akaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, vali zote zikiwa zimefungwa, akasikiliza kwenye throto, kwenye eksozi na kwenye mdomo wa kujazia oili. Hapakuwa na hewa iliyovuja kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Dhana iliyofuata ilikuwa cheni ya taimingi. Cheni ikiruka meno, vali hufunga kwa kuchelewa na kompresheni hushuka sawia katika silinda zote, na hilo lilifanana sana na kilichoonekana. Kifuniko cha juu kilifunguliwa, kranki ikazungushwa hadi alama ya sifuri, na alama za kamshafti zote mbili, mihimili inayofungua na kufunga vali, zikakutwa mahali pake. Cheni haikuwa imeruka.

Ndipo fundi akafanya kipimo ambacho naona ndicho kiini cha kisa hiki. Kwa kuwa kifuniko kilikuwa wazi, alichomeka mrija mwembamba wa plastiki kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza hadi ukagusa kichwa cha pistoni, akauwekea alama, kisha akazungusha kranki kwa spana taratibu huku akitazama vali za kuingizia hewa. Pistoni ilishuka hadi chini, ikaanza kupanda, mrija ukapanda nao, na vali zikabaki wazi. Mrija ulikuwa umepanda zaidi ya sentimita nne, yaani zaidi ya nusu ya safari nzima ya pistoni ya milimita 84.7, ndipo vali zilipokaa kwenye viti vyake. Aliivuta injini ya zamani, iliyokuwa bado imelala pembeni mwa gereji, akarudia kipimo kile kile kwenye silinda ambayo pistoni yake ilikuwa bado inatembea. Kwenye hiyo vali zilifunga mrija ukiwa umepanda sentimita moja na kitu.

Injini iliyofungwa haikuwa 1NZ-FE. Ilikuwa 1NZ-FXE, ndugu yake aliyeundwa kwa ajili ya magari ya haibridi kama Prius, yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na ambaye vali zake hufunga kwa kuchelewa kwa makusudi. Kompresheni ya karibu psi 106 ndiyo kipimo cha kawaida cha kiwandani cha injini ya Prius ya kizazi cha pili. Ile iliyodhaniwa kuwa maiti ilikuwa na afya kamili.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Kabla ya kumwendea muuzaji, fundi alitaka ushahidi wa barabarani. Magari yote mawili yaliendeshwa kupanda mwinuko mmoja asubuhi moja, yakiwa na mzigo sawa, mashine ikisoma kiasi cha hewa kinachoingia injini inapokanyagwa hadi mwisho. Gari la kwanza lilifikia karibu gramu 75 za hewa kwa sekunde, la pili likaishia karibu 50. Uamuzi wa kupima hewa badala ya kuhesabu sekunde peke yake ulikuwa wa busara, kwa sababu mwendo hutegemea pia breki, matairi na gia boksi, ilhali hewa inayopita kwenye throto ni habari ya injini yenyewe.

Njia nne zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kuiacha injini ilivyo na kulitumia gari mjini tu. Ilikataliwa, si kwa sababu ya udhaifu pekee, bali kwa sababu ya usalama wa injini: FXE ya Prius ya kizazi cha pili hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika na gari lake haliiruhusu kuvuka hapo, kwa hiyo springi za vali zake ni laini kuliko za FE. Kompyuta ya Fielder haijui hilo na huiachia injini ipande kupita 6,000.

Njia ya pili iliwavutia wengi, kwa sababu ilionekana ya bei nafuu: kutoa kamshafti ya FE kwenye injini ya zamani na kuiweka kwenye hii. Fundi aliikataa bila kusita, na nadhani hapa ndipo alipomwokoa mteja na hasara kubwa zaidi. Uwiano wa mgandamizo, yaani ujazo wa silinda hupunguzwa mara ngapi pistoni inapopanda, wa 1NZ-FE ni 10.5 kwa 1, na wa FXE ya kizazi hicho ni 13 kwa 1, kwa kuwa vichwa vya pistoni zake vina umbo tofauti. FXE huvumilia uwiano huo kwa sababu tu sehemu ya hewa hurudishwa nje kabla vali hazijafunga. Ukiipa kamshafti ya FE, karibu hewa yote hubaki ndani na kubanwa kwa uwiano wa 13, petroli ya kawaida ya pampu hulipuka kabla ya wakati wake, na sensa inayosikiliza kugonga kwa injini hulazimika kurudisha nyuma muda wa cheche hadi faida yote ipotee. Ikishindwa, pistoni hutoboka.

Njia ya tatu, ya kuhamisha pistoni pamoja na kamshafti, ilimaanisha kuifungua injini nzima, na gharama yake ilikaribia ile ya kununua nyingine. Ikabaki ya nne: kuirudisha na kudai FE.

## Matokeo

Muuzaji alikataa mwanzoni, akisisitiza namba iliyogongwa kwenye bloku. Alibadili msimamo baada ya kuonyeshwa mrija ukipanda huku vali zikiwa wazi, na kwa haki yake inapaswa kusemwa kwamba alikubali kubadilisha bila kudai nyongeza ya fedha. Injini ya kwanza aliyoitoa ghalani ilipimwa hapo hapo dukani kwa mrija na ikakutwa FXE nyingine. Ya pili ilikuwa FE. Ilipofungwa, kompresheni ilisoma karibu na 200 katika silinda zote, kiasi cha hewa kikalingana na cha gari la kwanza, na gari likapanda Kitonga na mzigo wake. Hasara iliyobaki ilikuwa ya mmiliki: ufundi wa kufunga na kufungua mara mbili, plagi na chujio ambavyo havikuhitaji kubadilishwa, na siku za kazi zilizopotea.

## Uchambuzi: nguvu zilipotelea wapi

Injini hizi mbili zina kipenyo kimoja cha silinda, milimita 75, safari moja ya pistoni, ujazo mmoja na bloku zinazofanana. Hata hivyo FE hutoa kilowati 80, yaani nguvu farasi 109 kwa kipimo kinachotumika Japani, na FXE ya Prius ya kizazi cha pili hutoa kilowati 57, yaani nguvu farasi 77. Anayehukumu injini kwa cc hawezi kueleza tofauti hiyo.

Inaelezeka ukikumbuka kwamba nguvu farasi haipimwi peke yake. Ni zao la vitu viwili: nguvu ya kuzungusha kranki, na idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa vipimo vya kisasa, kilowati ni nyutoni-mita zidisha mizunguko, gawanya kwa 9,549. FE hufikia kilowati 80 kwenye mizunguko 6,000, kwa hiyo hapo inazungusha kwa nyutoni-mita 127 hivi. FXE hufikia 57 kwenye mizunguko 5,000, ambako inazungusha kwa 109 hivi. Nguvu ya kuzungusha imepungua kwa takriban asilimia 14, na mizunguko kwa takriban asilimia 17. Tofauti hizo mbili zikizidishana hutoa pengo zima la karibu asilimia 29. Kwa maneno mengine, nusu ya pengo ni hewa iliyokosekana katika kila mpigo, na nusu nyingine ni mipigo iliyokosekana katika kila dakika.

Hewa inakosekana kwa makusudi. Mwaka 1882 Mwingereza James Atkinson alibuni injini ambayo safari ya kupanuka kwa gesi iliyoungua ilikuwa ndefu kuliko safari ya kubana, ili joto lifanye kazi zaidi kabla ya kutupwa nje. Yeye alitumia mikono ya chuma iliyounganishwa na kranki. Toyota, ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwishoni mwa 1997, ilipata matokeo hayo kwa kuchelewesha kufunga vali. Katika Prius ya kizazi cha pili vali za kuingizia hewa hufunga kati ya nyuzi 72 na 105 za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kupita chini kabisa, kutegemea VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali hizo, umezisogeza wapi. Zikiwa kwenye nyuzi 105, ambako ndiko VVT-i hupumzika injini inapowashwa na wakati wa kupima kompresheni, silinda hubakiwa na chini ya nusu ya hewa iliyovuta. Ndiyo maana geji ilisoma nusu ya ilichotarajiwa.

Katika Prius upungufu huo hauonekani, kwa sababu mota ya umeme ya kilowati 50 husukuma gari pale injini inapokuwa dhaifu, hasa wakati wa kuondoka na kupanda mlima. Ndani ya Fielder isiyo na mota, injini ile ile iliachwa peke yake. Mzunguko huu wa Atkinson pia ndio ulioeleza ulaji mdogo wa mafuta kwenye tambarare, dalili ambayo dereva aliitaja siku ya kwanza na ambayo ingetosha kumwondolea mtu dhana ya ringi zilizokufa.

Kwa nini taa ya injini haikuwaka? Kompyuta hupima hewa inayoingia na kumimina petroli inayolingana nayo, na sensa ya oksijeni kwenye eksozi huthibitisha mchanganyiko. Hewa ikipungua kwa sababu vali zinairudisha nje, petroli hupunguzwa na hesabu hubaki sawa. Mfumo umewekwa kugundua sensa iliyokufa au mchanganyiko uliopotoka, haukuwekwa kujiuliza kama injini iliyo mbele yake ni ile iliyoandikiwa.

Kisa hiki kisichukuliwe kuwa cha ajabu. Familia ya 3S ya lita mbili, iliyoingia Afrika Mashariki ndani ya magari mengi ya mtumba, ilikuwa na 3S-FE yenye nguvu farasi 140 hivi, 3S-GE iliyofika 210 ndani ya Altezza, na 3S-GTE yenye tabo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, iliyofika 260. Katika 4A ya cc 1,587, toleo la mwisho la 4A-GE lenye vali 20 lilitoa nguvu farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, wakati 4A-FE za kawaida zilikuwa karibu na 105 hadi 115. Kila mara sababu ni zile zile: hewa kiasi gani inaingia katika kila mpigo, inabanwa kiasi gani, na injini inaweza kurudia mpigo huo mara ngapi kwa dakika bila vali kupoteza udhibiti. Njia za hewa ndani ya silinda hedi, umbo la kamshafti, upana wa eksozi na tabo zote ni namna mbalimbali za kujibu maswali hayo matatu.

Mahali gari lilipo nako huhesabika. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Magari yote mawili katika kisa hiki yalilipa kodi hiyo juu ya Kitonga. La pili lililipa likiwa tayari limepungukiwa, na ndiyo sababu udhaifu uliofichika mjini ulijitokeza huko.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichosaidia zaidi ni kuwapo kwa gari la kulinganisha. Bila hilo, neno "halina nguvu" lingebaki malalamiko ya dereva. Kilichofuata kwa thamani ni uamuzi wa fundi wa pili kukataa kuifungua injini kwa sababu ya kipimo kimoja, wakati dalili nyingine zote zilikikanusha. Kipimo cha kompresheni hakikudanganya. Kilisomwa dhidi ya kiwango cha injini nyingine.

Kilichoshindwa ni utaratibu wa gereji ya kwanza wa kubadilisha vifaa mfululizo huku ikitumaini kimojawapo kitaponya. Chujio, plagi na katalisti vilikuwa na nafasi yao, lakini badiliko kubwa pekee lililotokea kati ya gari lenye nguvu na gari lisilo na nguvu lilikuwa injini, na hiyo ndiyo iliyochunguzwa mwisho. Kosa kubwa zaidi lilifanyika dukani. Namba inayogongwa kwenye bloku za Toyota huanza na jina la familia, 1NZ, bila herufi zinazofuata, na herufi hizo ndizo zinazobeba habari yote: F kwa silinda hedi ya kiuchumi yenye kamshafti mbili zilizokaribiana, X kwa mzunguko wa Atkinson, E kwa injekta za kompyuta.

Kwa anayenunua nusu injini ya 1NZ, swali lenye manufaa kwa muuzaji ni modeli ya gari ilikotolewa. NZE121, NZE141 na Probox ya NCP58 zilikuwa na FE. NHW10, NHW11 na NHW20 ni Prius, na NHP10 ni Aqua, ambazo zote zina FXE. Jibu la "imetoka kwenye Fielder" halitoshi, kwa sababu mwaka 2013 ilitoka Fielder ya haibridi, NKE165, na injini iliyomo ni 1NZ-FXE. Muuzaji asipojua modeli, aombwe ruhusa ya kufungua kifuniko cha juu na kuchomeka mrija kwenye tundu la plagi.